Wasomaji: Uprotestanti Ulivyobadili Jamii za Afrika Mashariki

Ukimuuliza mtu wa Moshi, Kisumu au Kampala Waprotestanti walileta nini, atakutajia shule na hospitali. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Wakatoliki nao walijenga shule na hospitali, na serikali zilizofuata zikajenga zaidi. Kilichowatofautisha Waprotestanti ni sharti ambalo misheni zao nyingi zililishikilia: anayetaka kubatizwa ajifunze kusoma kwanza. Kwenye sharti hilo ndiko yalikochipuka mambo ambayo leo tunayaona kama yasiyohusiana: Kiswahili cha herufi za Kirumi, tabaka la watawala wa Buganda, ugomvi wa tohara Kenya, makanisa ya kujitenga, uamsho wa walokole, hata mahubiri yaliyomkosesha Rais Moi raha.

Ninavyoona mimi, aliyepewa kitabu alipewa pia uwezo wa kumpima aliyempa. Wamisionari hawakulitarajia jambo hilo, na mara nyingi halikuwapendeza lilipotokea. Waliolifanya litokee ni watumwa waliokombolewa, vijana wa ikulu, makatekista wasio na mshahara wa maana, na wanawake ambao hakuna aliyewauliza maoni yao.

Mzizi wa jambo uko Ujerumani. Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517 hakukusudia kuanzisha kanisa jipya, lakini mwaka 1522 alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani na mwaka 1534 Biblia nzima, na wachapaji wakaisambaza. Wamoravian wanaanzia mbali zaidi, kwa Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415; kwa hiyo Mmoravian wa Rungwe au Tabora akikwambia kanisa lake ni kongwe kuliko la Luther, ana hoja. Hata hivyo, waliokuja huku hawakuwa wakuu wa makanisa ya dola. Wengi walitoka katika vikundi vya uchaji vya karne ya 18 na 19, vya wakulima na mafundi waliokutana majumbani kusoma Biblia na kuchunguzana mioyo. Johann Ludwig Krapf, wa kwanza kati yao pwani yetu, alikuwa mtoto wa mkulima wa Derendingen, Mlutheri aliyetumwa na CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa. Kaburi liko Nyali hadi leo. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walihamia Rabai, kwa Wamijikenda, na hapo wakapata kile ambacho ripoti za misheni zingekiita kushindwa. Miaka ikapita watu hawaji. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, naye alibatizwa akiwa kitandani karibu na kufa. Rebmann alikaa karibu miaka 30 na aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu. Wazee wa kaya hawakuwa na haja ya dini mpya, na Waswahili wa mji walikuwa na Uislamu wao, madrasa zao na maandishi yao.

Waliokuwa na haja walikuja baadaye, na walikuja bila ukoo. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 CMS ikaanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea walioshushwa kutoka majahazini. Palijengwa nyumba, kanisa, shule na kengele ya kuwaonya watu wanapokuja wavamizi. Kengele hiyo bado imetundikwa, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni. Kila siku makondakta wa matatu wanalitaja jina hilo.

Walimu wa kwanza wa makazi hayo hawakuwa Wazungu tu. Walikuwepo Waafrika waliokombolewa utotoni, wakalelewa Nasik huko India, kisha wakarudishwa pwani wakijua kusoma, useremala na uhunzi. Mmoja wao, William Jones, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo alifuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia hadi Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, wakiwa na bendera ya samawati yenye neno moja la Kiebrania kutoka kitabu cha Samweli, Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba wa Israeli. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa alilichagua andiko mwenyewe na kulitumia kuueleza msiba wake.

Frere Town haikuwa paradiso. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za viboko vilivyochapwa na msimamizi Mzungu zilifika London zikazua kashfa. Wakati huohuo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na viongozi waliowapokea na kuwaficha walikuwa Waafrika, huku wakubwa wa misheni wakihofia kukosana na wenye mashamba. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ililazimika kulipa fidia ili watoro zaidi ya elfu moja wapewe hati za uhuru. Ndani zaidi, Fuladoyo, watoro na Wakristo wa Kigiriama walikuwa wamejenga makazi yao bila Mzungu yeyote. Kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883. Habari za watu hao zingepotea kama mjukuu wao wa kiroho, James Mbotela, asingeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi.

Unguja nayo ilikuwa na misheni ya vyuo vikuu, UMCA, iliyofika mwaka 1864. Waanglikana hawa walipenda uvumba na mavazi ya ibada, na wengi wao wangekasirika kuitwa Waprotestanti. Mwaka 1913 askofu wao Frank Weston aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walishiriki meza ya Bwana na Wapresbiteri na wengine katika mkutano wa Kikuyu. Lakini kwa habari ya kitabu walikuwa Waprotestanti kamili. Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini juu ya soko la watumwa lililofungwa, alikuwa na kiwanda cha uchapaji na alitumia maisha yake kuandika sarufi na kutafsiri maandiko. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, baada ya kifo chake. Wale wa Mombasa walitoa ya kwao ya Kimvita mwaka 1914. Hadi mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ushindani huo ulikuwa umeshachapwa katika vitabu vya sala. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo mamilioni bado wanaisoma kila Jumapili, iliwakutanisha watu wa lahaja zote mbili.

Kuna gharama ambayo waandishi wa Kikristo hawaitaji mara kwa mara. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Krapf. Tenzi, barua za biashara na hati za mirathi zote ziliandikwa hivyo. Herufi za Kirumi zilipochukuliwa na misheni, kisha na shule za serikali, mwalimu wa madrasa aliyekuwa akisoma na kuandika maisha yake yote aliamka siku moja akihesabiwa kuwa hajasoma. Malalamiko ya Waislamu wa pwani juu ya elimu, ambayo hadi leo hayajaisha Kenya wala Tanzania, yana msingi katika tukio hilo, na haifai Mkristo ayasikie kama wivu.

Buganda ndiko sharti la kusoma lilikoonyesha nguvu zake zote, nzuri na mbaya. Waislamu walitangulia pia: Kabaka Mutesa alijifunza kwao, na mwaka 1876 vijana wake Waislamu waliuawa kwa kukataa nyama iliyochinjwa na asiye mwenzao. CMS ilifika mwaka 1877 na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti, alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa, na mwanzoni maandiko yaliyosomwa ikulu yalikuwa ya Kiswahili, kazi ya Steere, kabla Kiganda hakijapata yake. Vijana wahudumu wa Kabaka walikaa na karatasi hizo usiku wakifundishana. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, aliwaua Wakristo wanaokumbukwa kwa majina, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao wakichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mfalme aliona sawasawa kwamba utii wa vijana wake ulikuwa umehama.

Lakini wasomaji waliosalia walishika bunduki. Baada ya vita vya dini na mapigano ya Mengo ya Januari 1892, ambapo Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza aliwapa Waprotestanti ushindi, vyeo vya machifu viligawanywa kwa dini. Apolo Kagwa, mmoja wa wale vijana wa ikulu, alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, kuanzia mwaka 1889 hadi 1926, na mkataba wa mwaka 1900 uliwapa yeye na wenzake ardhi kubwa huku mkulima wa kawaida akigeuka mpangaji. Uganda ilipofika kwenye uhuru, vyama vyake vikuu vilikuwa bado vinajulikana kwa dini: UPC cha Waprotestanti, DP cha Wakatoliki. Kusoma kulizaa mashahidi na kukazaa wenye ardhi, ndani ya kizazi kimoja. Anayeandika historia ya Uprotestanti hana haki ya kuchagua nusu moja.

Mimi hupenda kumweka Kagwa kando ya Muganda mwingine, Apolo Kivebulaya. Huyu alikuwa askari aliyeacha bunduki, akaenda Toro kufundisha, na mwaka 1896 akavuka hadi Mboga, sehemu ambayo sasa ni Kongo. Chifu alimfukuza, akapigwa, akafungwa kwa tuhuma ya mauaji ambayo haikuthibitishwa, akarudi kulekule. Alilima bustani yake mwenyewe, akafundisha wasichana pamoja na wavulana, akaingia msituni kwa Wambuti. Alikufa mwaka 1933, na kwa agizo lake alizikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Kanisa la Anglikana la Kongo linaanzia kwake. Hakuna Mzungu aliyelianzisha.

Habari kama hiyo ilijirudia kila vita vilipowaondoa wageni. Walutheri wa Leipzig walikuwa Kilimanjaro tangu mwaka 1893. Bruno Gutmann, wa Moshi ya zamani, aliandika mengi juu ya sheria za Wachaga na kuamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vya Mungu ambavyo kanisa halipaswi kuvikata. Ni mmoja wa wamisionari wachache waliowasikiliza wazee kwa miaka mingi. Hata hivyo vijana wa Kichaga walitaka Kiingereza, shule za juu na bei nzuri ya kahawa, na upendo wa Gutmann kwa mila uliwafikia kama kizuizi. Mwaka 1920, baada ya vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walifukuzwa, na kwa miaka kadhaa walimu Waafrika ndio waliobatiza, kufundisha na kuzika, hadi wale walipoanza kurejea katikati ya muongo huo. Wakaondolewa tena katika vita vya pili vya dunia. Sharika hazikufa. Kanisa la Kilutheri la nchi nzima, KKKT, lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, viongozi wake, akiwemo Askofu Stefano Moshi, walikuwa wamekomaa katika vipindi hivyo vya kuachwa peke yao. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kenya ya mwaka 1929 inaonyesha upande mwingine. Misheni za Kiskoti na za AIM, yaani Africa Inland Mission, ziliwataka waumini Wagikuyu watie sahihi kwamba wameikataa tohara ya wasichana. Wakaondoka kwa maelfu, na hoja yao ilikuwa ya Kiprotestanti kabisa: tuonyesheni andiko. Walisema katazo hili limetoka kwa Dakta Arthur wa misheni ya Thogoto, halikutoka kwa Kristo. Wakajenga shule zao, za KISA na za Karing'a, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, ambacho Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa zamani wa Thogoto, alikuja kukiongoza. Siasa ya uhuru ya Kenya ilikulia kwenye madawati hayo.

Walioumia katika mvutano huo ni wasichana wenyewe, na sauti zao husahaulika pande zote mbili. Wapo waliokimbilia mabweni ya misheni, na wapo waliotahiriwa kwa nguvu. Huko Tumutumu wanawake Wakristo waliunda kundi lililoitwa Ngo ya Tuiritu, yaani ngao ya wasichana, na mwaka 1931 wakaliandikia barua baraza la wenyeji wakisema mambo ya wanawake yasiamuliwe bila wao. Wamisionari walipigana na wazee kwa jina la wasichana. Hawa waliandika kwa majina yao wenyewe. Kwangu barua hiyo ni waraka mkubwa wa Uprotestanti wa Afrika Mashariki kuliko hotuba nyingi za maaskofu.

Kisha ulikuja uamsho. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana mlimani Namirembe na Simeoni Nsibambi, Muganda, wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Hata mmoja wao hakuwa askofu. Katika miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, ukapita Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937 na Bukoba muda mfupi baadaye. Ukitaka kujua ulifanya nini kwa jamii, usianze na nyimbo. Anza na mtu anayesimama mbele ya wenzake na kusema ameiba misumari ya mwajiri, kesho yake akairudisha dukani mikononi mwa Mhindi au Mzungu asiyejua amjibu nini. Anza mezani: katika Buganda na Buhaya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na waliookoka walikula pamoja, mume na mke, sinia moja. Majirani waliona hilo ni uasi, nao walikuwa sahihi. Mmisionari naye alitakiwa kusimama na kuungama kiburi chake mbele ya Waafrika, na baadhi walifanya hivyo, jambo ambalo katika ukoloni halikuwa na mfano.

Uamsho uliwagawa watu pia. Walokole, yaani hao waliookoka, waliwaona wachungaji wasiookoka kuwa wafu. Wachungaji wakawaona wao wenye majivuno. Kwa Waluo mvutano huo ulizaa mwaka 1957 Kanisa la Kristo Afrika la Matthew Ajuoga, lililojitenga na Waanglikana. Wakati wa Mau Mau walokole wa Kikuyu walikataa kiapo na wengi wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, wakauawa kwa ajili hiyo. Unaweza kubishana na uamuzi wao wa kisiasa, lakini huwezi kusema walikuwa vibaraka.

Upande wa Kongo njia ya kujitenga ilikuwa nyingine. Simon Kimbangu, katekista wa Wabaptisti, alihubiri na kuponya Nkamba kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 kabla Wabelgiji hawajamkamata. Hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na alikaa gerezani miaka 30 hadi alipofia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969.

Kuhusu muziki nitasema machache, ingawa huenda ndiko Uprotestanti ulikoingia ndani zaidi ya watu wasiokanyaga kanisani. Wimbo wa taifa wa Tanzania una sauti ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti wa Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897. Matarumbeta yanayomsindikiza bibi harusi mjini Moshi yametoka kwenye bendi za shaba za sharika za Kijerumani. Na kwaya, yenye sare zake, mazoezi ya Jumamosi na mashindano ya majimbo, ndiyo shule ambayo vijana wengi wa Tanzania walijifunza uenyekiti, uhazini, kuandika muhtasari na kumpigia kura kiongozi kabla hawajapiga kura nyingine yoyote.

Kwenye dola ndiko urithi huu umepimwa kwa ukali zaidi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa uamsho, aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya maaskofu kumwandikia rais wakilalamikia mauaji; serikali ilitangaza ajali ya gari. Nchini Kenya, chama tawala cha KANU kilipoanzisha mwaka 1986 kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, baraza la makanisa, NCCK, liliipinga. Askofu David Gitari alihubiri kutoka kitabu cha Danieli, na kila msikilizaji alijua mfalme ni nani. Mwaka 1989 wahuni walivamia nyumba yake usiku. Timothy Njoya wa Wapresbiteri alitumia mahubiri ya mwaka mpya wa 1990 kuuliza kama yaliyozipata serikali za Ulaya Mashariki hayawezi kufika huku. Askofu Alexander Muge alikufa Agosti mwaka huohuo katika ajali ya barabarani, siku chache baada ya waziri kumtishia hadharani asikanyage Busia. Desemba 1991 vyama vingi vilirudi. Lakini AIC, kanisa la Rais Moi mwenyewe, nalo ni la Kiprotestanti, nalo lilikuwa na Biblia ileile, na lilisimama upande wa serikali.

Halafu kuna Rwanda, nchi ya Gahini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, wakuu wa Kanisa la Anglikana waliitetea serikali ya mauaji mbele ya waandishi wa habari. Huko Mugonero, Watutsi walikimbilia kituo cha Waadventista, na wachungaji wao wakamwandikia barua mkuu wao wa kanisa, Elizaphan Ntakirutimana, wakimwomba awaombee kwa wakubwa. Waliuawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 10. Wapo walokole waliokufa wakiwaficha jirani zao, na hilo ni kweli. Lakini nadhani tunapaswa kukiri udhaifu wa uamsho wenyewe: ulimfundisha mtu kuungama misumari aliyoiba, haukumfundisha kuitaja dhambi ya kitambulisho cha kabila, ya redio, ya serikali. Toba ilibaki ndani ya kifua cha mtu mmoja mmoja. Kanisa liliridhika na urafiki wa ikulu, na waumini walikuwa wamezoea kutowahoji wachungaji juu ya mambo hayo.

Nasema haya kwa sababu sura mpya ya Uprotestanti, ya makanisa ya kiroho yaliyoenea tangu miaka ya 1980, ina swali hilihili. Makanisa haya yamewapa nafasi watu ambao makanisa ya zamani yaliwachosha: mama muuza vitumbua anayeongoza maombi ya usiku, kijana asiye na ajira anayepiga kinanda. Yamerudisha uponyaji, ambao wamisionari waliuacha kwa daktari ingawa Injili walizofundisha zimejaa wagonjwa. Kwamba haja hiyo ni kubwa tuliiona mwaka 2011, pale Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alipogawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi. Mawaziri walikunywa. Walutheri, Wakatoliki na Waislamu walikunywa.

Ninachokihofia ni nabii asiyeulizwa. Katika baadhi ya makanisa haya Biblia imo mkononi mwa kila mtu, kwenye simu, lakini maana yake inatoka kinywani mwa mmoja tu, na anayehoji anaambiwa anamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Miongoni mwao walikuwemo waliojua kusoma. Kaunti hiyo ndiyo yenye Rabai, ambako Krapf na Rebmann walifundisha.

Serikali zimejibu kwa sheria. Rwanda ilifunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka 2018, ikapitisha sheria ya kuwataka wahubiri wawe na elimu ya theolojia ya chuo, na mwaka 2024 ikafunga nyingine. Kenya imeunda kamati na kupendekeza udhibiti. Sizipingi hatua za usalama; jengo bovu lifungwe, mwenye kuua ashtakiwe. Lakini cheti cha mhubiri hakimfundishi msikilizaji kuuliza. Dola iliyopewa mamlaka ya kuchagua mhubiri halali ingewapima pia akina Gitari na Njoya, na tunajua ingewaweka upande gani.

Kazi ya kumfundisha msikilizaji kuuliza iko kwenye darasa. Katika sharika nyingi za KKKT mtoto hukaa miaka miwili katika mafundisho ya kipaimara, na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 imepangwa kwa maswali na majibu. Darasa hilo linaweza kuwa mahali pa kukariri tu, na mara nyingi ndivyo lilivyo, hasa pale mwinjilisti mmoja anapokuwa na watoto 100 na mitaa mitatu ya kuhudumia. Mishahara ya wainjilisti ni midogo kuliko bei ya spika zilizonunuliwa kwa ajili ya ibada. Wanawake, ambao Askofu Festo Kivengere aliwapa ukasisi Kigezi tangu mwaka 1983, na ambao mwaka 2021 walipata askofu wa dayosisi wa kwanza Kenya, Rose Okeno wa Butere, ndio wanaofundisha wengi wa watoto hao Jumapili asubuhi, na walio wengi wanafanya hivyo bila malipo. Makanisa yenye fedha za kujenga minara yana fedha za kuwalipa walimu hawa na kuwasomesha, na yaanze na bajeti ya mwaka huu.